Corolla 110 inamwaga oili safarini: je, ni lazima gia boksi ishushwe?

Mwalimu wa Kihonda:

Habari za jioni, wakuu. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo kwa kweli ninazikusanya kwa taabu. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, gia za mkono, na nimekuwa nayo kwa miaka sita. Kwa muda mrefu injini ilikuwa na unyevunyevu wa oili ambao sikuujali, kwa sababu chini ya gari halikuwahi kudondoka tone na kijiti cha kupimia hakikushuka kwa namna ya kutisha kati ya sevisi moja na nyingine.

Tangu mwezi uliopita mambo yamebadilika. Niliondoka Morogoro kwenda Dar es Salaam nikiwa nimejaza oili hadi alama ya juu. Niliposimama Chalinze nilisikia harufu ya oili inayoungua, nikainama na kuona matone yanashuka katikati ya injini na gia boksi. Nilipofika Dar nikapima, oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya chini, nikaongeza lita moja. Wakati wa kurudi ikawa vilevile. Ajabu ni kwamba nikizunguka hapa mjini kwenda kazini na sokoni, hupotea kidogo sana, na asubuhi ninakuta matone matatu au manne tu sakafuni.

Fundi wa kwanza alilala chini ya gari kwa dakika mbili akasema ni oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea upande wa gia boksi), hivyo gia boksi lazima ishushwe, na kwa kuwa imeshushwa basi na klachi ibadilishwe kabisa. Hesabu yake ni laki nne na nusu pamoja na spea. Fundi wa pili alisema hivyo hivyo, ila kwa bei ya chini zaidi, na akaongeza kwamba nitumie oili nzito ya 20W-50 wakati ninatafuta fedha. Moshi wa bluu hakuna, klachi haitelezi, na taa ya oili haijawahi kuwaka nikiwa barabarani. Kitu kingine kidogo ambacho sijui kama kina maana: mara mbili nimefungua boneti nikakuta kijiti cha kupimia oili kimeinuka kidogo kutoka kwenye nafasi yake, ingawa nina hakika nilikisukuma hadi mwisho.

Je, nikubali gia boksi ishushwe?

Dereva wa Masafa:

Mwalimu, pole. Oili ikitokea pale injini inapokutana na gia boksi, mara nyingi ni ile sili ya nyuma. Gari lina zaidi ya miaka ishirini na mpira huo umeshakauka. Mafundi wawili wasiojuana wamekuambia jambo moja, sioni kwa nini uendelee kuteseka. Shusha, badilisha, tembea kwa amani.

Mstaafu wa Karakana:

Ndugu Dereva wa Masafa, kwa heshima, mafundi wawili walioangalia mahali pamoja kwa dakika mbili wamefanya uchunguzi mmoja tu, tena nusu.

Mwalimu, oili hushuka. Inaanzia juu, inafuata ukuta wa injini, inashika bomba, waya au ukingo wa bolti, kisha upepo wa safari unaisukuma kuelekea nyuma, na mwisho inadondoka mahali palipo chini kuliko pote. Katika Corolla yako mahali hapo ni nyumba ya klachi, yaani ganda linalofunika klachi kati ya injini na gia boksi. Kwa hiyo tone linakuonyesha mwisho wa safari ya oili, na wewe unatafuta mwanzo wake. Nimefanya kazi ya karakana kwa miaka mingi na nimeona gia boksi nyingi zikishushwa bure, sili mpya ikawekwa, na wiki moja baadaye mwenye gari akarudi na tone lile lile.

Injini za familia hii, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zina jambo ambalo kila anayezifungua anapaswa kulijua. Distribyuta, ile inayogawa umeme wa plagi, imefungwa kwenye ncha ya silinda hedi upande wa gia boksi, nayo huzungushwa moja kwa moja na kemu, shafti inayofungua valvu. Kati ya mwili wa distribyuta na hedi kuna oringi moja ya mpira. Oringi hiyo ikikauka, oili inachuruzika kutoka pale, inateremka ukutani na kutua juu ya nyumba ya klachi, kisha inazunguka hadi chini. Anayelala chini ya gari bila kutazama juu ataapa kuwa ni sili ya krenki.

Fanya hivi kabla hujatoa hata senti moja kwa ajili ya gia boksi. Safisha injini yote. Nunua dawa ya kuondolea grisi, au tumia dizeli kidogo na brashi, injini ikiwa imepoa kabisa, funika distribyuta, altaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki, kisha suuza kwa maji yasiyo na msukumo mkali. Ukitumia dizeli, isuuze kwa sabuni hadi iishe kabisa, maana hutaki mabaki yake karibu na eksozi. Acha pakauke. Halafu nyunyiza poda ya mtoto kwenye ukuta wa injini: pembeni mwa kifuniko cha valvu, ambacho mafundi wengi hukiita tapeti kava, chini ya distribyuta, kuzunguka swichi ya presha ya oili, kwenye shingo ya kichujio cha oili, na kwenye ukingo wa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ikipita kwenye poda huacha mstari mweusi ambao hata mtoto anaweza kuusoma. Endesha kwanza dakika kumi mjini, uangalie kwa tochi. Kisha endesha kama dakika thelathini kwenye barabara kuu, kwa kuwa umesema huko ndiko inakomwagika, uangalie tena. Usingoje siku tatu, maana oili itakuwa imeenea pote na utarudi ulikoanzia.

Ukiwa hapo, papasa sehemu ya juu ya nyumba ya klachi kwa kidole. Ikiwa juu ni pakavu na oili inatoka tu kwenye uwazi ulio chini yake, basi chanzo kiko ndani, na ndugu yetu Dereva atakuwa sahihi. Hata hapo nusa kwanza: oili ya gia ni nzito na ina harufu ya kiberiti, na inaweza kutoka kwenye sili ya shafti ya gia boksi badala ya krenki. Ikiwa juu kumelowa, usiruhusu mtu ashushe chochote.

Angalia pia upande wa pili, kwenye mkanda wa taiming. Ukiona oili inatoka chini ya kifuniko cha mkanda, sema hapa mara moja, kwa sababu sili ya mbele ya krenki au ya kemu ikivuja huko, oili inaulainisha mkanda na unaweza kuruka meno.

Kuhusu 20W-50, oili nzito itapunguza tu kasi ya kuvuja, na asubuhi injini itachelewa kupata oili kule juu. Tumia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida 10W-30, na upime kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Usiitegemee taa. Taa ile inaeleza presha ya oili na haina habari ya kiasi kilichobaki. Ikiwaka ukiwa unakwenda, zima injini pale pale, hata kama umebakiza kilomita moja kufika nyumbani.

Mwalimu wa Kihonda:

Shikamoo Mzee wangu, na asante sana kwa kunitolea muda. Nimefanya ulivyosema siku ya Jumamosi. Kijana wa jirani alinisaidia kuosha, na poda tulinyunyiza tukacheka, kwa sababu injini ilionekana kama andazi lililopakwa sukari.

Baada ya mzunguko wa mjini, poda ilikuwa bado nyeupe karibu pote, isipokuwa mstari mwembamba chini ya distribyuta. Nikaenda barabara ya Dodoma hadi karibu na Dumila na kurudi. Nilipofungua boneti, mstari wa chini ya distribyuta ulikuwa upana wa vidole viwili na umefika hadi juu ya nyumba ya klachi, ambayo imelowa kabisa. Lakini haikuishia hapo. Kifuniko cha valvu kimetokwa na oili upande wa mbele, juu ya eksozi, na nadhani ndiko ile harufu inakotoka. Upande wa mkanda wa taiming ni pakavu. Sampu nayo ni kavu isipokuwa kona moja. Na kijiti cha kupimia kimeinuka tena, safari hii kama sentimita mbili, na oili imerushwa kuzunguka mdomo wake.

Sasa nina hofu mpya: inawezekanaje sehemu tatu zianze kuvuja kwa pamoja ndani ya mwezi mmoja?

Spana Kumi na Nne:

Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo lenye jibu. Mpira mmoja ukichoka, unavuja mmoja. Sehemu tatu zikianza kwa mpigo, na kijiti kikijisukuma chenyewe, kuna kitu kinachozisukuma zote kutoka ndani, nacho ni presha ya gesi.

Kila injini, hata mpya, hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye sehemu ya chini kunakokaa krenki. Gesi hiyo lazima itoke. Katika 5A-FE kuna njia mbili juu ya kifuniko cha valvu. Moja ni valvu ya PCV, ambayo imechomekwa kwenye mpira juu ya kifuniko, na bomba lake linakwenda kwenye manifoldi ya kuvutia hewa, ambako gesi hunyonywa na kuunguzwa. Ya pili ni mpira wa kupumulia, mnene kidogo, unaokwenda kwenye bomba kubwa la hewa baada ya kichujio cha hewa. Injini ikizunguka taratibu mjini, gesi ni chache. Ukikanyaga mafuta barabara kuu, gesi huongezeka, na kama njia zote mbili zimeziba, inatafuta mpira uliochoka kuliko yote. Kwako imepata oringi ya distribyuta, gasketi ya kifuniko, na kijiti. Hii inaeleza pia kwa nini mjini oili haipotei.

Jaribu hili, halina gharama. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kofia ya kujazia oili na uweke juu ya tundu kipande cha karatasi laini. Mfumo ukiwa mzima, karatasi inanyonywa kidogo au inatulia. Ikipeperushwa juu kwa nguvu, kuna presha. Kisha zima injini, chomoa valvu ya PCV na uitikise karibu na sikio. Iliyo nzima hulia kama njugu kwenye kopo. Isiyolia imeganda. Pulizia upande unaoingia kwenye kifuniko: hewa ipite, upande wa pili ipite kwa shida. Usiinyonye kwa mdomo, ndani yake mna mvuke wa petroli na uchafu. Baada ya hapo chomoa ule mpira wa kupumulia pande zote mbili na uutazame ndani dhidi ya mwanga.

Naomba nikuulize pia: kabla ya mwezi uliopita, kuna fundi yeyote aliyegusa sehemu hiyo ya juu kwa sababu yoyote?

Ikiwa njia zote mbili ziko wazi na bado presha ni kubwa, basi tutazungumzia ringi za pistoni, na hapo utahitaji kupimwa kompresheni ya kila silinda. Lakini umesema hakuna moshi wa bluu, kwa hiyo sitaki kukutisha mapema.

Dereva wa Masafa:

Ninarudisha maneno yangu kuhusu gia boksi. Ule mstari kwenye poda umenishinda hoja. Ngoja nami nichangie kosa langu ili wengine wanufaike. Mwaka juzi gari langu lilimwaga oili yote ndani ya dakika chache tu tangu nitoke kufanyiwa sevisi. Kichujio cha zamani cha oili kilipofunguliwa, gasketi yake ya mpira ilibaki imeganda kwenye injini, na kipya kikafungwa juu yake. Gasketi mbili haziwezi kushika presha. Tangu siku hiyo ninatazama mwenyewe kichujio cha zamani kikitoka, na nikiona hakina ile pete ya mpira, ninamwomba fundi aitafute kabla hajafunga kingine.

Mwalimu wa Kihonda:

Wakuu, nimerudi na habari, na nadhani mtashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Swali la Spana Kumi na Nne lilinikumbusha jambo nililolisahau kabisa. Miezi miwili iliyopita nilipeleka gari kwa fundi mmoja kwa sababu kichujio cha hewa kilikuwa kinalowa oili. Alilitatua tatizo siku hiyo hiyo, akanitoza fedha kidogo, nikamshukuru. Sasa nilipochomoa mpira wa kupumulia upande wa bomba la hewa, nikakuta ndani yake bolti ya namba kumi imesokotwa hadi mwisho na kukazwa kwa klipu. Ndiyo, aliziba. Oili ikaacha kuingia kwenye kichujio cha hewa, na gesi ikakosa njia ya kutokea. Valvu ya PCV nilipoitikisa haikulia hata kidogo. Nadhani ilikuwa imeganda tangu zamani, na ndiyo iliyofanya gesi na oili vikimbilie kwenye kichujio cha hewa tangu mwanzo. Karatasi niliyoweka kwenye tundu la kujazia iliruka hadi kwenye rejeta.

Nimempata fundi mwingine, kijana mtaratibu, ambaye alikubali nisimame pembeni nikiwa na maelezo yenu kwenye simu. Tulinunua valvu mpya ya PCV pamoja na mpira wake, gasketi ya kifuniko cha valvu, mipira ya kuzunguka mashimo ya plagi, na oringi ya distribyuta. Ile oringi ndiyo ilikuwa spea ya bei ndogo kuliko zote. Ya zamani ilipotoka ilikuwa ngumu kama plastiki na bapa upande mmoja, na alipoikunja ikakatika. Gasketi ya kifuniko nayo ilitoka vipande vipande kama biskuti.

Kabla ya kulegeza distribyuta, alichora mstari kwa msumari kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye hedi, ili irudi pale pale. Hata hivyo alipomaliza alipima taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kwa taa yake, akiwa ameunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi karibu na injini, akairekebisha hadi nyuzi 10. Kwenye kifuniko cha valvu alitumia silikoni kidogo tu, kwenye zile kona ambako vishikizi vya kemu vinakutana na hedi. Nilimwuliza kwa nini asipake pande zote kama nilivyozoea kuona, akasema silikoni inayozidi hujikata ndani, inazunguka na oili, na mwisho inaziba wavu wa pampu chini ya sampu. Nati za kifuniko alizikaza kwa mkono wa spana fupi, akizunguka kutoka katikati kwenda nje, mara mbili, bila kutumia nguvu.

Gharama yote, pamoja na oili mpya na kichujio chake, haikufika laki moja na nusu.

Mstaafu wa Karakana:

Marahaba, Mwalimu. Huyo kijana mshike vizuri. Umeshafanya safari ndefu tangu hapo? Na je, karatasi sasa inasemaje? Ile kona ya sampu iliyolowa uitazame pia, maana kuna mafundi wanaoishia kwenye kosa kubwa na kusahau dogo.

Mwalimu wa Kihonda:

Karatasi sasa inanyonywa na kubaki imeganda kwenye tundu, Mzee. Jana nimetoka Dar es Salaam. Nilipima Morogoro kabla ya kuondoka, nikapima Chalinze, nikapima tena baada ya kurudi: oili imebaki juu ya nusu ya kijiti kwa safari nzima, na kijiti chenyewe hakikuinuka. Nyumba ya klachi ni kavu juu na chini. Kona ya sampu bado ina unyevu kidogo wa kupangusa kwa kitambaa. Fundi amesema ataifungua na kuipaka upya wakati wa sevisi ijayo, kwa sababu sampu ya injini hii haina gasketi ya karatasi bali hufungwa kwa silikoni, na hataki kuifanya kwa haraka. Kichujio cha hewa ni kikavu. Ile bolti ya namba kumi nimeiweka kwenye droo ya dashibodi, na nikipita kwa yule fundi aliyeziba mpira nitamrudishia.